Kumuaga Mlinzi wa Mlango Wetu



Katika nyumba nyingi za mji wetu mbwa hutajwa siku mbili tu: siku anapoletwa angali mtoto, na siku anapomwuma mtu. Siku zilizo katikati, ambazo ni miaka kumi na zaidi, hupita bila habari. Na siku ya mwisho haihesabiwi kabisa. Watu huulizana, "Yule mbwa wa kwa fulani yuko wapi?" na jibu ni neno moja, "Hayupo." Hakuna aulizaye zaidi. Twapenda leo kusema habari ya siku hiyo ya mwisho, kwa kuwa ilitupata nasi hapa Mirongo mwaka 2024, na tuliona ya kuwa jinsi watu wanavyoagana na mnyama aliyewatumikia ni jambo lenye mafundisho kwa nyumba nzima, na hasa kwa watoto.

Mbwa wetu aliitwa Askari. Alikuja mwaka 2010, umri wake miezi miwili, ndani ya kikapu, akavushwa Ziwa kwa kivuko cha Kamanga kutoka kwa jamaa zetu wa Sengerema. Bibi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, hakumpokea kwa furaha. Alisema, "Nyumba hii ina vinywa vya kutosha, na hicho ni kinywa kisichojua kuchota maji." Lakini kurudishwa hakurudishwa, maana kivuko kilikuwa kimekwisha kuondoka, na kabla jua halijachwa watoto walikuwa wamekwisha kumpa jina.

Jina lenyewe lilituletea taabu. Kwa wale wasioujua mji wetu, Mirongo ni kata iliyo katikati ya Mwanza, na mto wenye jina hilo hushuka kati ya majengo hata kuingia Ziwani. Njiani kwetu hawakosekani wachuuzi waliotandika bidhaa zao chini: viatu vya mitumba, nyanya, vitana na kamba. Siku moja mbwa alitoroka, na mtoto wetu wa kati akamkimbilia akipiga kelele, "Askari! Askari anakuja huko!" Kufumba na kufumbua njia ikawa tupu. Wachuuzi walikunja maturubai yao wakatoweka uchochoroni, maana walidhani wanakuja askari wa jiji. Alipotokea mbwa mdogo mwekundu, ulimi nje, wote wakacheka, ila mama mmoja ambaye nyanya zake zilimwagika. Huyo hakucheka, nasi tukamlipa. Tangu siku hiyo Askari akaitwa kwa mluzi tu kila awapo njiani.

Miaka kumi na miwili alitumika bila kukosa. Usiku alilala mlangoni. Asubuhi aliwasindikiza watoto hata darajani, akageuka akarudi peke yake. Chakula chake kilikuwa ugali uliobaki na mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Bibi naye aliendelea kusema kwamba hapendi mbwa. Lakini kila alfajiri alipoondoa komeo la mlango alimwambia, "Mwangaluka," kama Wasukuma wanavyowaamkia jirani zao, kisha akapita bila kumtazama.

Uzee haukuja kwa siku moja. Kwanza zilikuja mvi puani. Kisha macho yake yakaingia ukungu, ule unaoitwa mtoto wa jicho. Masikio yakafuata. Kabla ya hapo alijua mlio wa pikipiki ya kila jirani. Sasa mgeni aliweza kumruka naye asiamke. Pua yake ndiyo iliyobaki, na kwa pua hiyo alijua nani amerudi nyumbani. Akaacha kwenda darajani. Alifika kwenye mti wa mwembe, akasimama, akawasikiliza watoto kwa pua, kama tuwezavyo kusema, mpaka harufu yao ilipokwisha.

Meno yalipopungua tukamkataza mapanki, akawa anapikiwa uji wa dagaa. Jambo hilo lilileta vikwazo vyake. Sufuria yake ndogo ilifanana sana na sufuria ya chai, na asubuhi moja mgeni wetu wa heshima alionja chai yenye ladha ya dagaa, akamaliza kikombe kwa adabu, akasema ameshiba. Tena Askari hakukubali kuhama mlangoni. Alilala pale pale alipolala tangu utoto wake, ila sasa alikuwa hasikii nyayo. Basi kila mtu alijikwaa kwake. Mtoto mkubwa alijikwaa akiwa na ndoo ya maji kichwani, na chumba kizima kikaoga. Mwingine alijikwaa akiwa na ungo wa mchele uliokwisha kupembuliwa, ikabidi upembuliwe tena. Watoto walianza kunung'unika, na sisi wazazi, tuliokuwa na madeni ya karo na bati linalovuja, hatukuwa na maneno mengi ya kuwatuliza.

Mwezi wa Machi 2024 jambo zito likatokea. Askari alikosa njia, akaingia ua usio wake, akawa anagonga ukuta kwa kichwa, udenda ukimtoka kwa ajili ya meno mabovu. Vijana wakamwona wakapaza sauti, "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Mawe hayahitaji kutafutwa Mwanza. Tulipofika vijana saba walikuwa wamekwisha kuyashika, na jiwe la kwanza lilikuwa limempata mguu wa nyuma.

Hatuwezi kuwalaumu vijana wale, maana hofu yao ina sababu ya haki. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia kwa jeraha la meno. Shirika la Afya Duniani hukadiria ya kuwa watu wapata 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla dalili hazijatokea njia ipo. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo, asingoje kuona kama ataugua. Chanjo hiyo ina historia ndefu: tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumtibu mtoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na kwa sababu hiyo tarehe 28 Septemba ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mbwa naye huchanjwa, kisha hurudiwa kila mwaka; na wataalamu husema ya kuwa mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kilichomwokoa Askari siku ile ni karatasi. Mama wa nyumba alikimbia ndani akaleta kadi yake ya chanjo, imekunjamana, ina harufu ya mafuta ya taa, lakini mihuri yake yote ilisomeka. Kijana mmoja ajuaye kusoma vizuri aliisoma kwa sauti, mwaka kwa mwaka. Wakati anasoma, mawe yalianza kudondoka chini, moja moja. Ndipo wote wakaona kwamba huyu hana kichaa, ila ni mzee asiyeona njia.

Baada ya hapo walikuja washauri. Mmoja, rafiki yetu wa miaka mingi, alisema kwa upole, "Ninyi mnajitesa bure. Mtieni katika gunia, mkampe mwenye gari, amwache huko nje ya mji penye majalala. Atapata vya kula. Nanyi hamtaona akifa." Alisema hivyo barazani, watoto wakisikia, na Bibi yupo amekaa juu ya mkeka wake akichambua dagaa.

Bibi hakuinua kichwa. Alisema, "Mimi nami sioni vizuri siku hizi. Juzi nilitia chumvi katika chai." Kisha akaendelea kuchambua dagaa wake. Mshauri wetu alicheka kidogo, akaacha, akaaga.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulitambua ya kuwa watoto watatu walikuwa wakitutazama ili wajue nyumba hii humfanya nini yule ambaye nguvu zake zimekwisha. Walichokuwa wakijifunza hakikuwa habari ya mbwa peke yake. Siku moja wao ndio watakaoamua mambo, na sisi ndio tutakaokuwa mkekani. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, kumtupa kipofu penye jalala asilolijua, kati ya mbwa wenye nguvu, si kumwacha aishi. Ni kumwua mahali ambapo macho yetu hayafiki.

Mtoto mkubwa alikuwa amesikia shuleni habari ya Hachiko, akatusimulia. Mbwa huyo wa Japani alikuwa wa mwalimu wa chuo kikuu, Hidesaburo Ueno, na kila jioni alikwenda kumlaki katika stesheni ya Shibuya, mjini Tokyo. Mwaka 1925 mwalimu alifariki akiwa kazini. Mbwa akaendelea kwenda stesheni kumngoja, karibu miaka kumi, mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Na sanamu yake ilisimamishwa pale mwaka 1934, mwenyewe akali hai. Watoto waliipenda sana habari hiyo. Lakini yule mdogo aliuliza, "Mbwa alimngoja mtu miaka kumi. Sisi Askari tutamngoja muda gani?"

Tukaona ameuliza vema. Kumngoja mzee ni kazi, nayo hufanywa kwa vitu vidogo. Basi tukagawana kazi hiyo. Mkubwa alimtoa nje mara tatu kwa siku, akitembea pole pole kwa mwendo wa mbwa. Wa kati alifunga kitambaa cheupe kwenye kizingiti, ili kila apitaye akumbuke kuinua mguu. Mdogo alipewa uji, naye mara mbili aliuonja mwenyewe. Mambo mengine yote ya nyumba yaliendelea. Mbuzi wa jirani alikula daftari la hesabu. Mvua za masika mwaka ule zilikuwa kubwa, maji ya Ziwa yakapanda, na Mto Mirongo ukapita kwa kishindo na takataka za mji mzima. Bati letu likavuja mahali papya. Katikati ya hayo yote palikuwa na mzee mlangoni, akipewa uji.

Mwezi wa Mei akaacha kula. Siku ya tatu hakuweza kusimama, na usiku alilia kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Tulimwita bwana mifugo, akampapasa tumbo, akatuonyesha uvimbe. Akasema, "Dawa ya kumponya sina. Ninayo dawa ya kumwondolea maumivu, na ninayo ya kumlaza moja kwa moja. Kaeni mshauriane, nami nitarudi Jumamosi saa nne." Tukakaa, wakubwa na watoto. Hakuna aliyependa kusema kwanza. Mwishowe wa kati alisema, "Kama akilia usiku na sisi twamsikia, na dawa ipo, basi sisi ndio tunaomliza." Baada ya neno hilo hapakuwa na ubishi.

Jumamosi ilipofika tulikuwa tayari tangu alfajiri, lakini saa nne ilipita. Bwana mifugo alituma habari kwamba pikipiki yake imepata pancha, naye anatafuta fundi. Umeme nao ukakatika. Maharage yaliyokuwa jikoni yakaungua, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anayatazama. Siku nyingine mambo hayo yangaliwasha ugomvi. Siku ile tulipewa saa tatu ambazo hatukuziomba. Mdogo alileta kitabu chake cha Kiswahili akamsomea Askari somo zima, akirudia maneno magumu. Mkubwa alimpangusa macho kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Bibi alikwenda jikoni akatoa kipande cha sato alichokiweka kwa chakula cha Jumapili. Akaketi juu ya kigoda, akaondoa miba yote kwa vidole vyake, akaweka nyama mbele ya pua ya mbwa. Askari alinusa muda mrefu, akala vipande vitatu. Hatukusema neno juu ya sato wa Jumapili.

Bwana mifugo alifika saa saba, jasho likimtoka, mikono imechafuka kwa mafuta ya mnyororo. Aliomba sabuni, akanawa, akawaeleza watoto kwa maneno ya wazi: sindano ya kwanza ni ya usingizi, ya pili ni ya kuusimamisha moyo, na baada ya ya kwanza hatasikia kitu. Akasema anayetaka kuondoka aondoke bila haya. Wa kati aliondoka akasimama chini ya mwembe. Wengine walibaki. Bibi aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mbwa. Jua lilikuwa limekwisha kugeuka, walakini alimwambia, "Mwangaluka." Mkia ulitikisika mara moja juu ya sakafu. Sindano ya pili ilipoingia alikuwa amelala, na hatukujua ni dakika gani hasa aliyoondoka.

Kumzika kulikuwa kazi kubwa, maana Mwanza ni mji wa mawe. Tulichimba mahali pa kwanza, tukakuta jabali kabla ya shubiri mbili. Mahali pa pili, jabali. Mpini wa jembe ukavunjika. Ndipo akaja jirani yetu wa upande wa pili, Mwislamu, ambaye kwa taratibu ya dini yake alikuwa akijihadhari na mate ya mbwa miaka yote kumi na minne. Alikuwa ameshika mtaimbo. Alisema, "Huyu alibweka usiku ule wezi walipokuja kwangu. Nionyesheni mahali." Akachimba pamoja nasi, mbali na mto na mbali na kisima, hata shimo likafika kiunoni mwa mtu. Tukarudisha udongo, tukaweka mawe juu. Mdogo akauliza kama Askari atakwenda mbinguni. Bibi akamjibu, "Hilo si shauri letu. Shauri letu ni mbwa wengine wasimfukue. Ongeza jiwe."

Wiki nyingi zilipita na watu wote wa nyumba waliendelea kuinua mguu kizingitini, ingawa hapakuwa na kitu. Hata wageni walituiga wasijue sababu. Bibi husema hataki mbwa mwingine, naye amelisema neno hilo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu mlio na watoto wengi mikononi mwenu, tungependa mchukue kwetu mambo machache. Mwenye mbwa na amchanje kila mwaka, naye aitunze kadi mahali ipatikanapo upesi. Hujui siku utakayoihitaji. Mbwa mzee asitupwe jalalani wala asivushwe mto ndani ya gunia. Akiwa na maumivu yasiyo na dawa, na aitwe bwana mifugo, maana kazi hiyo ina mtu wake na njia yake. Akizikwa, azikwe shimo refu, mbali na maji ya watu. Na watoto wasifichwe. Wapeni kazi ndogo ya kufanya, uji wa kupeleka, kitambaa cha kufunga, jiwe la kuongeza. Nao watajua bila hotuba ya kuwa katika nyumba yao mtu hahesabiwi kwa nguvu zake peke yake.